Nafasi Mbili za Nani?

Tasnifu yangu ilirudi siku ya Jumatano, kurasa 112 zimefungwa kwa rababendi. Nilimshukuru katibu muhtasi, nikaikumbatia kifuani, nikatafuta kivuli na kuanza kufunua. Wino mwekundu ulikuwepo. Ukurasa wa 14: “Nafasi mbili!” Ukurasa wa 31: “Nafasi kati ya aya hazifanani.” Ukurasa wa 58: alama kubwa ya kuuliza, na mshale unaoelekea mahali pasipo na neno lolote. Nilihesabu maoni 23. Maoni 22 yalihusu nafasi. La mwisho lilisema kila sura ianze kwenye ukurasa mpya.

Hakuna hata moja lililohusu nilichokiandika.

Niwaeleze kuhusu ukurasa wa 71. Nilifanya utafiti kwa akina mama wanaonunua samaki Feri, wakawakaanga na kuwauza mitaani kwao, mara nyingi kwa mkopo. Nilitaka kujua wanavyotunza kumbukumbu za madeni bila daftari. Kwenye ukurasa huo nilidai kwamba hawaandiki kwa sababu wanaaminiana na wateja wao. Dai zuri, linapendeza. Lakini kwenye mahojiano yangu mwenyewe, yaliyomo kwenye kiambatisho, mama wawili wananiambia wazi kwamba hawaandiki kwa sababu hakuna aliyewahi kuwafundisha kuandika. Hoja yangu ilikuwa na tundu, na nililijua. Nililiacha nikitumaini msimamizi ataliona, aniite, tubishane.

Ukurasa wa 71 ulikuwa na duara moja jekundu. Lilizunguka uwazi kati ya aya ya pili na ya tatu.

Nilikwenda kumwona. “Shikamoo Dokta, naomba tuzungumze kuhusu sura ya nne.” Akaniitikia vizuri tu, kisha akasema, “Binti, kwanza weka fomati sawa. Hayo mengine tutaongea.”

Nafasi mbili hazikuletwa duniani ili kupendezesha ukurasa. Ni urithi wa taipureta. Mashine ile ilikuwa na kifaa cha kuchagua karatasi iruke mstari mmoja, mmoja na nusu, au miwili. Aliyekuwa akichapa muswada aliruka miwili ili mhariri apate pa kuandika: akikata neno, aandike jingine juu yake, akitilia shaka sentensi, aulize palepale. Uwazi ule aliachiwa msomaji mwenye kalamu na jambo la kusema. Sisi tumerithi uwazi, tukamsahau msomaji.

Na uwazi huo unalipiwa. Chukua karatasi ya A4, pambizo za sentimita 2.54 kila upande, herufi za Times New Roman za pointi 12. Kwa nafasi mbili zinaingia mistari kama 25. Kwa nafasi moja na nusu, mistari 33. Maana yake kurasa zangu 112 zingekuwa kama 85. Steshenari ninapochapisha wanatoza shilingi 100 kwa ukurasa, na chuo kinataka nakala tatu. Tofauti ni zaidi ya shilingi 8,000 kila ninaporudishwa, nauli yangu ya daladala ya wiki nzima. Ningezitoa kwa moyo mweupe kama kuna mtu angeandika kitu katikati ya mistari hiyo.

Cha ajabu zaidi, kosa tunaloadhibiwa nalo hatukuwahi kufundishwa kuliepuka. Tulifundishwa nadharia, mbinu za utafiti, namna ya kutaja marejeo. Hakuna aliyesimama mbele ya darasa akasema kwamba nafasi kati ya mistari na nafasi kati ya aya ni vitu viwili tofauti. Kwa hiyo tunafanya walichofanya kaka zetu: tunabonyeza Enter mara mbili na kusonga mbele.

Hatujui kwamba Microsoft Word ina mawazo yake. Toleo la 2007 lilianza kuweka lenyewe nafasi ya 1.15 kati ya mistari na pointi 10 baada ya kila aya. La 2013 likabadilisha kuwa 1.08 na pointi 8. Mimi niliandika sura moja kwenye kompyuta ya maabara, nyingine kwenye simu, nyingine kwa laptopu ya kuazima, kisha nikaunganisha. Kila kipande kilikuja na tabia za kwao. Hapo ndipo penye siri ya duara la ukurasa wa 71.

Aliyenifundisha ni kaka wa steshenari, bure, wateja wengine wakinisubiri. “Dada, usirekebishe aya moja moja, utazeeka hapa.” Akafungua mtindo wa maandishi ya kawaida, ule unaotawala hati nzima. Nafasi ya mistari: mbili. Kabla ya aya: sifuri. Baada ya aya: sifuri. Mstari wa kwanza uingie ndani kidogo. Kisha akafuta zile Enter za ziada zote kwa mkupuo mmoja. Alipokuta picha yangu ya jiko la mkaa imebaki ukanda mwembamba kama kamba ya kiatu, alicheka: mahali hapo nilikuwa nimeipa mistari kimo maalumu kisichobadilika, na Word ikaikata picha ili itoshe kimo hicho. Akabadilisha, jiko likarudi. Dakika kumi. Chuo kimeshindwa kuzipata dakika hizo kumi kwa miaka miwili.

Msinielewe vibaya. Sitetei uchafu. Mistari iliyobanana huchosha macho, na aya zisizofanana humfanya msomaji ajikwae. Najua pia kwamba wasimamizi wameelemewa, na kwamba kusoma hoja ya mtu ni kazi ya saa nyingi wakati kukagua nafasi ni kazi ya dakika chache. Lakini hilo ndilo ninalolilalamikia: tumechagua kupima kile kinachopimika kwa rula, kisha tukakiita usomi.

Ninachodai ni kidogo. Chuo kitoe faili lenye mitindo iliyokwisha kupangwa, kila mwanafunzi alipakue siku ya usajili na kuandikia humo. Nakala za kusahihishwa zipokelewe kwa barua pepe. Na msimamizi asiruhusiwe kurudisha sura yoyote bila kuandika angalau swali moja kuhusu maudhui yake. Swali moja tu.

Mzunguko wa tatu Dokta alisaini. Yale “mengine” hatukuwahi kuyaongea. Tundu la ukurasa wa 71 nililiziba peke yangu, usiku, nikiwarudia wale mama wawili kwenye kinasa sauti, na mpaka leo sijui kama nimeliziba sawasawa. Tasnifu imejalidiwa kwa jalada jeusi, nafasi mbili mwanzo mpaka mwisho. Katikati ya mistari yake hakuna mtu aliyewahi kuandika chochote.