Tusivizike Vitoto Vikavu Kimyakimya

Wafugaji wenzangu wa Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa na Rukwa,

Nguruwe anapozaa vitoto vitatu hai na vitano vikavu, vyeusi, wengi wetu huvizika usiku huohuo, kisha mama anauzwa kwa mchinjaji wa kitimoto. Tunaogopa jirani atasema ni homa ya nguruwe na mnada ufungwe. Jirani naye, kwa kutojua, anakuja kuazima dume lilelile lililompanda mama huyo.

Naomba ukimya huu ukome. Homa ya nguruwe humlaza mama na mara nyingi humuua. Huyu wetu anakula pumba vizuri, ila vitoto vyake vilivyokufa havilingani: kimoja kama kidole gumba, kingine urefu wa kiganja. Hapo tushuku kirusi cha parvo, ambacho Cartwright na Huck wa Uingereza walikihusisha na mimba kuharibika tangu 1967.

Mimba ya nguruwe ni siku 114. Mama asiye na kinga akiambukizwa mwezi wa kwanza, vijusi hufa na kufyonzwa. Anaingia joto tena, tunamwita tasa. Kuanzia kama siku ya 35 mifupa imeanza kukomaa, hivyo kijusi kikifa hukauka tumboni. Baada ya siku ya 70 hivi, kitoto huweza kujikinga na mara nyingi huzaliwa hai. Kirusi hupita taratibu kutoka kijusi kimoja hadi kingine, ndiyo maana kila kimoja hufa kikiwa na umri wake.

Kabla ya kuzika, basi, aitwe afisa mifugo wa kata. Vitoto vikavu vifupi kuliko sentimita 16 ndivyo maabara huvitaka. Tuvifunge kwenye mifuko miwili, tuviweke kwenye barafu, naye avifikishe Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), kituo cha Iringa. Tuvae glavu, kwa sababu ugonjwa wa brusela nao huharibu mimba, na huo humwambukiza binadamu. Wenye madume, msipandishe kwenye banda vilikozaliwa vitoto hivyo mpaka majibu yatoke. Kirusi cha parvo hukaa bandani kwa miezi mingi.

Lakini kinga kubwa ni chanjo, na hapo ndipo mtu mmoja hawezi. Chupa moja ina dozi nyingi, na ikifunguliwa lazima imalizwe siku ileile. Mwenye majike wawili atanunuaje peke yake? Tuandike orodha ya kila kijiji: mitamba wote waliofikisha miezi sita na hawajapandishwa. Tuipeleke kwa afisa mifugo wa wilaya tukidai chanjo iagizwe, tuchange fedha, tuchanje kwa pamoja. Mtamba huchanjwa mara mbili, na dozi ya pili iwe imepita angalau wiki mbili kabla hajapelekwa kwa dume.

Ombeni jambo hili liingizwe kwenye ajenda ya mkutano ujao wa kijiji. Wenye madume waandike majina yao kwanza kwenye orodha hiyo, kwa kuwa wao ndio wanaojua ni mabanda yapi dume limepita.