Uhandisi wa 'kiraia': Jina linalowapotosha wanafunzi wetu

Majuzi binti wa jirani yangu, aliye katika Kidato cha Nne, alinijia na swali alilodhani ni la Kiswahili tu. Alikuwa akiorodhesha kozi ambazo angependa kusomea chuo kikuu, na katika kijitabu fulani alichopewa alikuta maneno "uhandisi wa kiraia". Akaniuliza, "Mwalimu, hawa ni wahandisi wasiovaa sare?"

Nilicheka, kisha nikatambua kwamba binti huyu alikuwa karibu na ukweli kuliko huyo aliyeifasiri istilahi hiyo. Huko Uingereza, hadi karne ya 18, mhandisi alikuwa kwa kawaida mtu wa jeshi, mjenzi wa ngome na madaraja ya vita. John Smeaton, aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone uliokamilika mwaka 1759, ndiye aliyejipa jina la kumtofautisha na wanajeshi hao, na mwaka 1818 chama cha watu wa kazi yake kikaundwa jijini London. Jina hilo basi lilikuwa na maana ya "asiye wa jeshi", si zaidi. Sisi tumechukua neno tukaiacha maana, ndipo mwanafunzi akadhani kwamba huenda kazi yenyewe ni ya kuandikisha vitambulisho! Mimi hupendelea "uhandisi wa ujenzi", ingawa nalo lina ila yake: humfanya msikilizaji awaze nyumba peke yake.

Lakini neno "mhandisi" halina ila. Tumelipata kutoka Kiarabu, ambako "handasa" ni elimu ya maumbo na vipimo, na asili yake ya mbali zaidi ni neno la Kiajemi lenye maana ya kipimo. Mhandisi, kwa mujibu wa lugha, ni mtu wa vipimo. Hapo ndipo anapotengana na fundi.

Sisemi hivi kumdunisha fundi. Mafundi wa Lamu walijua, kabla ya chuo chochote kuanzishwa nchini, kwamba upana wa chumba hauwezi kuzidi kile ambacho boriti ya mkoko inaweza kuhimili, yaani mita 3 hivi au pungufu. Ndiyo maana vyumba vya majumba yale ya mawe ni virefu na vyembamba. Ujuzi huo ulitokana na majaribio ya vizazi vingi, na ulitosha kwa nyumba za namna ile. Hautoshi kwa jumba la ghorofa saba lililokaa juu ya udongo mweusi wa Nairobi, ambao hufura unaponyeshewa na kunywea unapokauka. Kwa jengo kama hilo uzoefu wa nyumba ya ghorofa moja haufai kitu. Sharti mtu akae na kalamu ahesabu uzito kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Mahesabu hayo si ya aina moja, na hapa ndipo uhandisi huu unapogawanyika. Yuko mhandisi wa miundo, anayeamua unene wa nguzo na idadi ya nondo zitakazofumbatwa ndani ya zege. Ni yeye anayejua kwa nini nguvu za zege hupimwa kwa kawaida baada ya siku 28, na kwa nini mwenye nyumba anayeng'oa mbao za kuishikilia mapema ili apangishe haraka anawachimbia wapangaji wake kaburi. Yuko mhandisi wa udongo na misingi, ambaye kazi yake haionekani kwa kuwa imezikwa. Yuko wa barabara na uchukuzi, na yuko wa maji safi na maji taka. Wengine husimamia ratiba na gharama za mradi mzima. Sijamtaja msanifu majengo wala mpima ardhi, kwani hao wana taaluma zao, japo magazeti yetu huwachanganya wote katika chungu kimoja.

Nitakaa kidogo na mhandisi wa maji, maana huyu ndiye anayesahauliwa. Tarehe 29 Aprili 2024, usiku, maji yaliporomoka karibu na Mai Mahiu yakasomba nyumba na kuua zaidi ya watu 40. Mwanzoni ilisemekana kwamba bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na takataka na magogo, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, kisha tuta likashindwa. Tazama basi: wengi waliangamia kwa sababu ya tundu lililoziba. Kuhesabu ukubwa wa tundu hilo kunahitaji mtu ajue mvua kubwa ya miaka mingi, mteremko wa mlima, na wingi wa miti iliyokatwa juu yake. Kulizibua kila mwaka hakuhitaji shahada, ila kunahitaji mtu aliyepewa jukumu hilo.

Tarehe iyo hiyo, miaka minane kabla, yaani mwaka 2016, jumba la ghorofa lilianguka Huruma, kando ya mto, watu wapatao 50 wakafa. Jumba hilo lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Si kwamba penye wahandisi hapaanguki kitu. Daraja la Sigiri katika Kaunti ya Busia liliporomoka Juni 2017 kabla halijakamilika. Tofauti ni kwamba penye mhandisi pana sahihi ya mtu anayeweza kuulizwa.

Sahihi hiyo haipatikani kwa urahisi. Shahada yenyewe huchukua miaka mitano. Kisha Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 inamtaka mhitimu afanye kazi kwa miaka kadhaa chini ya uangalizi kabla ya Bodi ya Wahandisi kumsajili kuwa mhandisi kamili. Haya nilimweleza binti yule bila kumficha kitu, pamoja na habari za hisabati na fizikia, ambazo hazikumfurahisha sana.

Alipoondoka hakuwa ameamua baina ya udongo na maji. Nilimwomba tu, akipita kwenye kalvati ya barabara ya mtaa wetu, ainame achungulie. Kesho yake alirudi kuniarifu kwamba nusu yake imejaa mchanga na chupa za plastiki, akaniuliza ni ofisi gani aiandikie barua, na kama ningemsahihishia Kiswahili chake.