MAISHA YA WATU: Bud Fowler, kinyozi aliyecheza mpira kila mji

  Mwezi huu tunaacha kidogo mpira wa miguu tuliouzoea, tunaenda Marekani ya zaidi ya miaka 100 iliyopita kumwangalia mtu aliyecheza mchezo wa besiboli. Jina lake Bud Fowler. Wengi wetu hatujawahi kulisikia, na hata huko kwao lilisahaulika muda mrefu sana.

Tumemchagua kwa sababu ya swali ambalo vijana wetu wanauliza kila siku hapa kambini: "Nijifunze kazi ya nini, wakati sijui kesho nitakuwa wapi?" Swali hilo si la mchezo. Huyu bwana aliliishi maisha yake yote.

Besiboli ni mchezo gani?

Tueleze kidogo kwa wale wasioujua. Uwanjani kuna vituo 4, vimepangwa kwa pembe nne. Mrushaji anatupa mpira mdogo, mgumu. Mpigaji anaupiga kwa gongo la mti, halafu anatimua mbio kuzunguka vituo. Akirudi salama pale alipoanzia, timu yake inapata pointi. Wapinzani nao wanataka kumtoa njiani, yaani waupate mpira na kumgusa nao kabla hajafika kituoni.

Wale wanaosimama karibu na vituo ndio walinzi wa ndani. Fowler alijulikana zaidi kama mlinzi wa kituo cha pili. Hapo pana kazi ngumu: mkimbiaji anakuja kwa kasi, mara nyingi anateleza chini miguu ikiwa mbele, na viatu vyake vina njumu za chuma. Mkumbuke hizo njumu, tutazirudia.

Mtoto wa mtu aliyetoroka

Jina lake la kuzaliwa ni John W. Jackson. Alizaliwa tarehe 16 Machi 1858 katika mji wa Fort Plain, jimbo la New York. Baba yake alikuwa ametoroka utumwa, akawa kibarua wa mashambani na kinyozi. Wakati huo jimbo la New York halikuwa tena na utumwa, lakini sheria ya nchi ya mwaka 1850 iliruhusu mtu aliyetoroka akamatwe hata huko alikokimbilia na kurudishwa kwa bwana wake. Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa kwenye nyumba ya mtu aliyekimbia, ambaye usalama wake haukuwa kamili. Sisi hatuhitaji kuelezewa sana hali hiyo.

Familia ikahamia mji mdogo wa Cooperstown, jimbo hilohilo. Hapo kijana akakua, akajifunza vitu viwili: kucheza besiboli, na kunyoa nywele kama baba yake. Baadaye akaanza kujiita Fowler. Kwa nini aliacha jina la Jackson, hakuna anayejua. "Bud" ni kama kusema "rafiki" au "ndugu yangu". Inasemekana aliwaita watu wote hivyo, mwishowe nao wakamwita yeye hivyo.

Mwaka 1878

Mwezi wa Aprili 1878, akiwa na miaka 20, Fowler alikuwa mrushaji wa timu ya Chelsea, jimbo la Massachusetts, kwenye mchezo wa kirafiki dhidi ya Boston. Hao Boston walikuwa mabingwa wa ligi kubwa. Timu ya Fowler ikawafunga 2 kwa 1. Mwezi uliofuata akaitwa kuchezea Lynn, timu ya kulipwa. Ndiyo sababu leo anatambuliwa kama mtu mweusi wa kwanza anayejulikana kucheza besiboli ya kulipwa kwenye timu ya ligi. Ni miaka 13 tu tangu utumwa ufutwe Marekani nzima.

Mngedhani kutoka hapo njia ilinyooka. Wapi! Mwaka 1881 alivuka mpaka kwenda Guelph, nchini Kanada, kwa kuwa timu ya huko ilimwita. Alipofika, wachezaji wazungu wakakataa kucheza naye, ikabidi aondoke. Mwaka 1884 akawa Stillwater, jimbo la Minnesota. Timu ikavunjika kabla ya msimu kwisha. Mwaka 1885 akawa Keokuk, jimbo la Iowa. Ligi yenyewe ikafa katikati ya mwaka. Mwaka huohuo gazeti la michezo la Sporting Life liliandika wazi kwamba kwa uwezo wake, Fowler angekuwa zamani kwenye timu kubwa kama ngozi yake ingekuwa nyeupe. Mnaona? Watu walijua. Shida haikuwa kwamba hawakumwona.

Basi akaendelea. Mwaka 1886 alikuwa Topeka, jimbo la Kansas, na hapo kama mlinzi wa kituo cha pili akawa mmoja wa wapigaji wazuri wa ligi ile.

Vibao miguuni

Sasa turudi kwenye njumu. Mchezaji mmoja mzungu wa zama zile alisimulia baadaye kwamba wakimbiaji wengine walikuwa wakimlenga Fowler kwa makusudi. Badala ya kulenga kituo, walilenga miguu yake ili wamchane. Fowler akatafuta dawa: akajifunga vibao vya mti kwenye ugoko, akaendelea kusimama palepale. Hakuhama kituo. Frank Grant, mlinzi mwingine mweusi wa kituo cha pili aliyekuwa nyota wa timu ya Buffalo, naye alisimuliwa kufanya vivyo hivyo.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1887. Fowler alikuwa Binghamton, jimbo la New York, kwenye ligi iliyoitwa International League. Alicheza michezo 34, na wastani wake wa kupiga ulikuwa .350, yaani kama mara 35 kwa kila 100. Mpigaji anayefika 30 kwa 100 anahesabiwa kuwa hodari sana. Hata hivyo wenzake wa timu moja walitishia kugoma kama hataondolewa. Hao si wapinzani, jamani, ni watu aliovaa nao jezi moja! Katikati ya msimu akaachwa. Na tarehe 14 Julai 1887 viongozi wa ligi wakapiga kura: mikataba mipya ya wachezaji weusi isikubaliwe tena.

Ligi nyingi nyingine hazikuandika sheria namna hiyo. Zilielewana kimyakimya, na mlango ukazidi kufungwa mwaka hadi mwaka.

Wembe na gongo

Fowler alifanya nini? Alichukua mizigo yake akaenda mbele. Tukihesabu tunapata Massachusetts, Minnesota, Iowa, Colorado, Kansas, New York, Vermont, Indiana, New Mexico, Michigan, Illinois, Nebraska na Ohio, na hatujamaliza. Timu ikivunjika au ikimfukuza, alikuwa na wembe wake. Kichwa cha mtu kinaota nywele kila mji, na kinyozi hahitaji barua ya ligi. Kazi ya baba yake ndiyo iliyomlisha pale mpira ulipomkataa.

Halafu akafikiri: kama wao hawatutaki, tutengeneze ya kwetu. Mwishoni mwa 1894, huko Adrian, jimbo la Michigan, yeye na kijana Grant Johnson walianzisha timu ya wachezaji weusi watupu. Fedha zilitoka kwa kampuni ya kutengeneza nyaya za uzio, ndiyo maana ikaitwa Page Fence Giants. Timu ilisafiri kwa behewa lake yenyewe la reli. Humo walilala na humo walikula, kwa sababu hoteli nyingi zilikataa kuwapokea watu weusi. Wakifika mji, kabla ya mchezo walipanda baiskeli wakazunguka mitaani, watu wakatoka nje kuangalia, na kiwanja kikajaa. Mwaka 1895, msimu wao wa kwanza, walishinda michezo 118 na kupoteza 36. Mwaka huohuo Fowler aliichezea kwa muda mfupi timu ya Michigan yenye wachezaji wazungu, na huo ukawa mwisho wake kwenye ligi hizo. Alikuwa na miaka 37, na kwa ujumla amecheza misimu 10 ya ligi.

Mwisho wake

Tuseme ukweli, ndugu zangu, hadithi hii haimalizikii kwenye utajiri. Fowler aliendelea kuunda timu, ikiwemo moja iliyoitwa All-American Black Tourists, lakini fedha hazikukaa mkononi. Akaugua. Mwaka 1909 kulikuwa na mpango wa kuandaa mchezo wa kumchangia, haukufanyika. Alifariki tarehe 26 Februari 1913 kwenye nyumba ya dada yake, katika mji wa Frankfort, jimbo la New York, akiwa hana kitu. Alizikwa bila hata jiwe lenye jina. Aliyezunguka majimbo yote yale, aliyempokea mwishoni ni dada.

Mwaka 1946 Jackie Robinson, mtu mweusi, aliingia International League, ligi yenye jina lilelile, na akacheza kituo cha pili. Mwaka 1947 akaingia ligi kubwa. Ilikuwa miaka 59 tangu ile kura ya 1887 hadi Robinson alipoingia. Wengi wa wazee waliopigania mlango ule hawakuwepo kuona ukifunguliwa.

Jina la Fowler lilirudi polepole. Mwaka 1987 watafiti wa historia ya besiboli walimwekea jiwe kaburini. Mwaka 2013 mji wa Cooperstown aliokulia uliita njia moja kwa jina lake, ile inayoelekea uwanja wa besiboli. Na mwaka 2022 aliingizwa kwenye Nyumba ya Heshima ya besiboli, ambayo iko palepale Cooperstown. Watafiti waliweza kumpata kwa sababu magazeti ya miji midogo yaliandika: leo Fowler amecheza, leo amepiga, leo ameachwa. Bila maandishi yale asingepatikana kabisa.

Sisi tunachukua nini?

Tukirudi kwenye lile swali la vijana, sisi wa ukurasa huu hatuwezi kuwaambia kwamba ukijifunza kazi utatajirika. Fowler alijua kazi mbili, akafa maskini. Lakini tunaweza kuwaambia hivi: kila mlango uliofungwa ulimkuta na kitu mkononi. Hakuna ligi iliyoweza kumnyang'anya wembe, wala ile namna yake ya kudaka mpira. Anayejua cherehani, useremala, kunyoa, au kusoma na kuandika, siku ya kuhama anahama nacho. Hakipimwi uzito garini.

Na wazazi, andikeni. Daftari la shilingi chache linatosha: majina ya watoto na ya mababu, tulikotoka, nani alijua kazi gani, nani alifundisha nani. Ya kwetu hayaandikwi na gazeti la mji wowote.

La kuzungumza nyumbani: Mzee wa nyumba alijua kazi gani kabla ya kufika hapa? Je, watoto wanaijua? Mwombeni awaonyeshe.