Pasi ya Mkesha wa Krismasi



Desemba imefika. Shule zimefungwa, mawifi na mashemeji wanashuka stendi pale Nzuguni, bibi ameletwa kutoka Kondoa, na nyumba ya vyumba viwili ina watu kumi na mmoja. Mchele tumekwisha kununua, kuku wako bandani. Lakini soketi ya sebuleni ni ileile moja.

Ndipo ekstensheni inapotolewa. Tunachomeka jokofu, televisheni na taa za mti wa Krismasi, kisha jioni ya mkesha kila mtu anataka pasi. Tupige hesabu kidogo. Plagi ya kawaida hubeba ampea 13, na kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni kama wati 3,000. Birika la umeme peke yake hula wati 2,000 hivi, pasi 1,000 au zaidi. Vikiwashwa pamoja nafasi imekwisha, na jokofu bado linanguruma. Waya unapata moto, hasa ukifichwa chini ya mkeka.

Mwaka mmoja tulikunja mkeka asubuhi tukakuta alama ya kahawia yenye urefu wa kidole, pale alipolala mtoto wa wifi. Tangu siku hiyo waya hupita kandokando ya ukuta, na pasi ina soketi yake na zamu yake. Atakayechelewa aende kanisani na mikunjo!

Umeme nao hukatika. Pasi iko juu ya blanketi, giza linaingia, tunavaa kwa mwanga wa simu na kukimbilia ibada. Umeme unarudi tukiwa tunaimba, na nyumbani hakuna mtu. Basi mwenye pasi aichomoe kwanza, ndipo atafute tochi.

Na ile hita ya kuchemshia maji kwenye ndoo? Mvua zikianza uani kuna matope, watoto wanaingia pekupeku. Hita ichomolewe kabla mkono haujagusa maji. Mtu akinaswa na umeme, msimshike. Zimeni swichi kuu. Ikiwa mbali, simameni juu ya ubao mkavu, mmsukume kwa mpini mkavu wa ufagio, kisha mwahini hospitali hata akisema hajambo.

Wifi alitucheka tulipomwonyesha swichi kuu kabla hajanywa chai. Waonyesheni wageni siku ileile wanapofika, kama mnavyowaonyesha choo.