Matembezi ya ziwani kutoka Kisenyi: maswali ya kuuliza kabla ya kulipa nauli

Sikukuu zinapokaribia, mazungumzo ya Kisenyi, katikati ya jiji la Kampala, huacha kidogo bei ya unga na nauli za mabasi na kugeukia jambo la furaha: safari hii tutakwenda wapi kutembea? Kwa familia nyingi za mtaa huu zinazozungumza Kiswahili, wawe Wakongo, Wanubi, Wasomali waliopitia Kenya au wafanyabiashara waliotoka Tanzania, jibu limekuwa Ziwa Victoria. Vijana huchangishana kwa miezi kadhaa. Akina mama hutenga fedha ya upatu. Kisha tangazo hupita kwenye simu, lenye picha ya boti iliyopambwa kwa taa, bei ya kichwa kimoja na namba ya kulipia.

Hamu hiyo ni ya haki. Anayeamka alfajiri kufungua duka au kupakua magunia kwenye vinu vya mahindi anastahili siku moja ya upepo safi na samaki wa kukaanga. Lakini matembezi ya majini yana hesabu yake. Katika ziwa hili, kazi ya kujua iwapo chombo ni salama mara nyingi huishia mikononi mwa abiria mwenyewe. Asiyeielewa vizuri lugha ya nahodha huifanya kazi hiyo akiwa na nusu ya habari.

Kumbukumbu ya Novemba 2018

Jioni ya Jumamosi, tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe iliyoitwa MV Templar ilizama karibu na ufuo wa Mutima, wilayani Mukono, ikiwa na watu waliotoka Kampala kwa matembezi ya mwisho wa wiki. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha, akiwemo mmiliki wa boti hiyo na mkewe. Baada ya ajali, mamlaka za Uganda zilieleza kuwa chombo kilikuwa kimebeba watu kupita uwezo wake na kwamba hakikuwa na leseni halali. Ilielezwa pia kuwa majaketi okozi, yale mavazi ya kumwezesha mtu kuelea, yalikuwamo botini, lakini wengi hawakuyavaa.

Funzo la mkasa huo ni kwamba wengi wa abiria wale hawakuwa watu wasiojua kitu. Walikuwa wakazi wa jiji, wenye simu za kisasa na uwezo wa kulipia starehe. Walichokosa ni desturi ya kuuliza. Muziki ulikuwa unapigwa, marafiki walikuwa wamekwishapanda, na mtu anayesita gatini wakati kama huo huonekana mwoga.

Msiba wa namna hiyo haukuzikumba boti ndogo peke yake. Tarehe 13 Januari 2012, meli kubwa ya kitalii ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na zaidi ya watu 4,200. Watu 32 walifariki. Mamia ya abiria waliopanda siku hiyo hiyo hawakuwa wamefanyiwa mazoezi ya dharura. Kanuni za kimataifa zilibadilishwa, na tangu tarehe 1 Januari 2015 meli za aina hiyo hulazimika kuwaonyesha abiria wapya njia za kujiokoa kabla ya kung'oa nanga au mara tu baada ya kuondoka. Meli ya maelfu ya watu imepewa sharti hilo. Ni halali basi kwa abiria wa boti ya watu 40 kudai dakika tano za maelezo kama hayo.

Lugha ni sehemu ya usalama

Hapa ndipo suala hili linapowahusu kwa namna ya pekee wasikilizaji wetu wa Kisenyi. Katika magati ya Ggaba na Entebbe, maelekezo kwa kawaida hutolewa kwa Kiganda, na maandishi, yanapokuwapo, huwa kwa Kiingereza. Mkongo aliyefika Kampala mwaka jana anaweza kufuata biashara nzima ya sokoni kwa Kiswahili, lakini nahodha akipaza sauti kwamba watu wahamie upande wa kushoto, atatazama wenzake wanafanya nini kwanza. Boti inapoyumba, kutazama kwanza kunaweza kuwa kuchelewa.

Kisheria Kiswahili si mgeni Uganda. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili ya taifa, kitumike kadiri Bunge litakavyoelekeza kwa sheria. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Vilevile ziwa lenyewe, lenye takriban kilomita za mraba 68,800, linamilikiwa kwa pamoja na Uganda, Kenya na Tanzania, na Kiswahili ndicho kinachowawezesha wavuvi na mabaharia wa pande zote tatu kuelewana. Kwa hiyo kikundi kinachokodi boti kikiomba maelezo ya usalama yatolewe kwa Kiswahili hakiombi hisani. Kinadai jambo lenye msingi.

Hadi hapo desturi hiyo itakapozoeleka, kikundi kiteue mtu mmoja anayejua vizuri Kiganda na Kiswahili. Akae karibu na nahodha tangu mwanzo, na awatafsirie wenzake kabla boti haijaondoka gatini. Kutafsiri katikati ya dhoruba ni kazi isiyowezekana.

Kuchagua chombo na saa

Kwa familia inayotoka kwa mara ya kwanza, njia yenye utaratibu zaidi ni vivuko vya umma. Meli ya MV Kalangala hutoka gati la Nakiwogo, Entebbe, kwenda Lutoboka katika kisiwa cha Bugala, kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Ssese ambavyo idadi yake ni 84. Kwa ratiba iliyozoeleka huondoka saa nane mchana, hutumia takriban saa tatu na nusu, na hurudi asubuhi ya siku inayofuata saa mbili. Maana yake ni kwamba gharama ya malazi ya angalau usiku mmoja iingizwe kwenye bajeti tangu awali. Meli hii pia husimamishwa nyakati fulani kwa matengenezo, hivyo ulizia gatini kabla ya kuwatoa watoto Kisenyi. Wenye gari au wanaopitia Masaka wanaweza kuvuka kutoka Bukakata hadi Luuku kwa kivuko kisichotoza nauli.

Wanaopendelea boti ya kukodi wana kazi zaidi. Sheria ya usafiri wa majini ya mwaka 2021 inataka vyombo visajiliwe, vikaguliwe na vipewe leseni. Mwombe mwenye boti akuonyeshe karatasi hizo, na usome tarehe zake. Uliza chombo kimeruhusiwa kubeba watu wangapi, kisha hesabu vichwa kwa macho yako, watoto na wapiga muziki wakiwemo. Hesabu majaketi okozi, uhakikishe yapo ya kimo cha watoto na kwamba kamba zake zinafunga. Uliza kama kuna injini ya akiba. Mwenye boti mwaminifu hachukizwi na maswali haya. Anayechukizwa amekwisha kukujibu.

Saa ya safari nayo ina uzito. Mara nyingi ngurumo na upepo mkali wa Ziwa Victoria huzuka usiku na kuelekea alfajiri, wakati nchi kavu imetulia. Mtu aliyeko Kisenyi anaweza kuona nyota huku ziwani kukiwa na mawimbi ya kutisha. Ni busara kuondoka kukiwa na mwanga na kurudi kabla ya magharibi, hata kama tangazo linasifia mandhari ya usiku. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda hutoa utabiri unaohusu ziwa. Usikilize siku moja kabla na asubuhi ya safari.

Jina lako liandikwe

Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu waliangamia, na idadi yao kamili imebaki kuwa ya kubishaniwa. Sababu moja ni kwamba orodha ya majina ilihusu abiria wa daraja la kwanza na la pili. Wale wa daraja la tatu, waliolipa nauli nafuu, hawakuwa na orodha. Familia zao zilibaki zikijua tu kwamba fulani aliaga akisema anapanda meli.

Kwa mtaa wenye wakimbizi na wageni wengi, jambo hili ni zito. Wapo wanaoogopa kuandikisha majina kwa sababu karatasi zao hazijakamilika. Lakini jina lisiloandikwa halitafutwi. Hata katika safari ya saa tatu tu, andikeni orodha ya wote waliopanda, yakiwemo majina wanayofahamika kwayo nyumbani na namba za simu za jamaa zao. Nakala moja ibaki botini, nyingine iachwe kwa mtu aliyeko Kisenyi anayejua mtarudi saa ngapi. Mkichelewa, yeye ndiye atakayepiga namba za dharura za polisi, 999 au 112.

Kila mtu abebe kitambulisho chake, iwe kadi ya taifa au kadi ya mkimbizi. Anayetaka kuvuka mpaka wa nchi, kwa mfano kufika Mwanza au Kisumu, ahakikishe kwanza kuwa ana hati ya kusafiria inayotambuliwa. Mkimbizi huhitaji hati maalumu ya kusafiria, nayo haipatikani kwa siku moja. Wanaoingia Tanzania kutoka Uganda waandae pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Starehe yenyewe

Maandalizi hayo yakikamilika, furaha hupata nafasi yake. Bugala ina misitu, mashamba makubwa ya michikichi na fukwe za mchanga mweupe. Kisiwa cha Ngamba, umbali wa kilomita 23 hivi kutoka Entebbe, kimekuwa makazi ya sokwe waliookolewa tangu mwaka 1998, nacho huwafurahisha sana watoto. Sato na sangara wapo kila mahali, lakini anayejali chakula cha halali aulize mapema kuhusu nyama na mafuta ya kukaangia, au abebe chakula chake kama wafanyavyo wengi wa Kisenyi.

Tahadhari moja husahaulika. Maji ya kando ya Ziwa Victoria yana kichocho. Ogelea pale tu wenyeji wa kisiwa wanapokuelekeza, epuka maeneo yenye majani na konokono, na ukirudi usione haya kumweleza mhudumu wa afya kwamba uliingia ziwani. Dawa yake ipo na inajulikana.

Ukiwa botini, vaa jaketi okozi lako kabla ya chombo kuondoka, na libaki mwilini hadi utakaposhuka. Kaeni mkiwa mmegawanyika pande zote mbili. Picha ya pamoja ipigwe nchi kavu, kwa kuwa kundi zima likikimbilia ubavu mmoja huweza kukipindua chombo kidogo. Weka simu katika mfuko usiopitisha maji. Na yule aliyekabidhiwa usukani asinywe pombe, hata kama sherehe ni yake.

Haki ya kushuka

Serikali ina wajibu wake, kuanzia ukaguzi wa magati hadi uokoaji. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imekuwa na mradi wa pamoja wa kuboresha mawasiliano na uokoaji ziwani. Juhudi hizo ni za lazima, lakini askari mmoja hawezi kusimama katika kila gati kila Jumamosi.

Kinachobaki ni uamuzi wa abiria, na uamuzi huo hukwamishwa zaidi na fedha kuliko ujinga. Mtu aliyechanga kwa miezi mitano haoni njia ya kurudi nyumbani kwa sababu ya wingu jeusi au boti iliyojaa. Kwa hiyo suala la fedha limalizwe kabla ya siku yenyewe. Kikundi kilipe nusu kwanza, na nusu ibaki hadi chombo kitakapokaguliwa. Mapatano yaandikwe kwamba hali ya hewa ikiharibika safari itaahirishwa bila malipo kupotea. Mtu mmoja mwenye kuheshimika, aghalabu mama au mzee wa kikundi, apewe mamlaka ya kusema hatupandi, na neno lake lisipingwe.

Kikundi kilichokubaliana hivyo mapema hakitahitaji ushujaa gatini. Kitarudi Kisenyi na fedha yake, kitakunywa chai, na kitapanga Jumamosi nyingine.