Mbio za Ramani kwa Waliovuka Hamsini



Wengi wetu tuliovuka miaka hamsini tumekwisha kuambiwa na tabibu kwamba tutembee. Sukari imepanda, tembea. Shinikizo la damu limepanda, tembea. Mtu hutembea siku tatu, na ya nne huchoka, si kwa miguu bali kwa kuzunguka pasipo haja. Juma hili napenda niwaeleze akina mama zangu na ndugu zangu mchezo unaompa mtembeaji haja ya kutembea.

Mchezo wenyewe huitwa orientiringi. Mchezaji hupewa ramani na dira. Katika ramani vimechorwa vituo kwa duara za rangi ya zambarau, kila kimoja na nambari yake; pembetatu ndipo mwanzo, na duara mbili, moja ndani ya nyingine, ndipo mwisho. Katika ardhi, penye kila kituo hutundikwa kibendera cheupe na cha rangi ya machungwa. Kazi yako ni kuvifikia vyote kwa kufuata nambari, na njia ya kutoka kimoja hadi kingine waichagua wewe. Mashindano ya kwanza ya hadhara yalifanyika Norway mwaka 1897. Aina fupi, inayochezwa mitaani na baina ya majengo, iliingia katika mashindano ya dunia mwaka 2001 huko Tampere, Finland, na mabingwa huimaliza kwa dakika 12 hadi 15.

Hiyo fupi ndiyo niliyoijaribu, nikiwa na umri huu, katika kiwanja cha shule moja mjini Kitengela wakati wa likizo. Mwalimu mmoja kijana alikuwa ameichora ramani kwa mkono, akatundika vituo kumi. Tulikwenda watatu: mimi, mama watoto, na dada yake mkubwa, ambaye amehamia huko kwa mwanawe tangu miaka miwili.

Nataka nimseme huyu dada, kwa idhini yake. Mwambao alikuwa akienda sokoni, matangani na harusini bila kumwuliza mtu njia. Kitengela akawa mtu wa ndani. Nyumba za huko zimejengwa kwa mfano mmoja, lango kama lango, ukuta kama ukuta, na barabara za vumbi zisizo na majina. Siku moja alitoka kununua mboga, akazunguka hadi adhuhuri akiitafuta nyumba ya mwanawe. Tangu hapo hakupita lango pasipo mjukuu kumshika mkono. Najua wako akina mama wengi wa pwani waliofuata watoto wao bara na kukutwa na hali hiyo, na watoto hudhani kwamba mama amezeeka ghafla. Hakuzeeka, alama zake zote za njia amezwacha nyuma.

Alipopewa ramani aliigeuza juu chini. Wajukuu wakacheka, lakini mwalimu akawanyamazisha, kwani alivyofanya ndiyo kanuni ya kwanza ya mchezo: huigeuzi ardhi ifuate ramani, bali waigeuza ramani hata ikae sawa na ardhi uliyosimama. Wala si lazima kaskazini iwe juu. Ramani mashuhuri ya al-Idrisi, aliyoikamilisha Sisilia mwaka 1154, iliwekwa kusini juu. Kanuni ya pili ni kuweka kidole gumba mahali ulipo na kukisogeza kila unaposogea. Dada alikuwa mshonaji wa nguo maisha yake yote. Kusoma karatasi bapa na kuona umbo litakalotokea ni kazi aliyoizoea kuliko sisi sote.

Alitembea tu. Kitengela ni zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na pumzi ya mtu wa pwani huko huwa fupi. Alisimama kila kona, akaivaa miwani, akaitazama karatasi, akaenda. Alivipata vituo vyote kumi kwa dakika 41. Kijana mmoja aliyekimbia kama swala alimaliza kwa 14, lakini alikipita kituo cha sita bila kukiona, na kwa sheria ya mchezo asiyefika kituo kimoja hahesabiwi kuwa amemaliza. Mimi nilikuwa kati yao, na goti langu la kushoto lilinisema siku mbili.

Kuhusu stara, sikuona tatizo. Kila mtu huanza peke yake, dakika moja au zaidi baada ya mwenzake, basi hapana msongamano. Vazi refu lisiloburura na viatu vya mpira vyatosha. Na wanaouliza kama yamfaa mwanamke mtu mzima kushindana mbio, na wakumbuke kwamba Bibi Aisha (r.a.) alishindana na Mtume (s.a.w.) safarini akamshinda, na baadaye, alipokwisha kunenepa, akashindwa. Umri na unene havikumwondoa uwanjani. Katika mashindano ya dunia ya wakongwe, madaraja huanza miaka 35 na kupanda kwa mitano mitano hata kupita 90.

Dira nayo imetupa faida nyingine. Mombasa kibla chetu ni kaskazini karibu kamili, nasi tumekua tukijua hivyo. Kitengela hugeuka kuelekea mashariki kwa kiasi cha digrii 7. Dada sasa huitafuta mwenyewe, kisha hutazama milima ya Ngong iliyo magharibi kwake kama mtu anayesahihisha hesabu. Ameanza pia kuuliza majina. Ameambiwa kwamba Kajiado asili yake ni neno la Kimaasai, Olkejuado, mto mrefu. Wafugaji wa huko wameweka ramani yao ndani ya majina.

Mwenye kutaka kuanza hana haja ya kungoja chama. Chora mtaa wenu kwa kipimo cha 1:4000, ambapo sentimita moja ni mita 40. Mpe mtoto ahesabu hatua. Ficha mikebe kumi. Mwenye maradhi ya moyo au ya sukari na amwone tabibu kwanza, na mwenye macho hafifu achukue kioo cha kukuzia. Wana wa Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa watatushinda kwa urahisi, maana vichochoro vyao ni darasa la mchezo huu tangu utotoni.

Dada ameichora ramani ya mtaa wake yeye mwenyewe, nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Duka la mboga ni kituo cha tatu, msikiti ni cha saba. Alhamisi iliyopita alikwenda hadi cha saba na kurudi peke yake. Jumamosi tutacheza tena baada ya alasiri, inshallah, ikiwa mvua haikunyesha. Udongo mweusi wa Kitengela ukilowa, kiatu kimoja huwa kizito kama viwili.