Gitaa Kavu Lisimezwe na Vyombo vya Umeme

Imekuwa desturi katika hafla nyingi za shule kwamba pindi zinapopatikana spika na jenereta, mpigaji wa gitaa kavu husukumwa pembeni, ama huamriwa aongeze sauti mpaka wasikilizaji wazibe masikio. Mimi naiona desturi hii kuwa hasara, na hasara yenyewe ni kubwa zaidi mahali kama Kainuk.

Mji huo mdogo uko kando ya barabara ya kutoka Kitale kwenda Lodwar, mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi. Jina lake limetajwa mara nyingi mno katika habari za wizi wa mifugo. Hapo wimbo wa amani unaoimbwa na wanafunzi si burudani tu, bali ni ujumbe. Isitoshe, edonga, ngoma ya Waturkana, huchezwa kwa sauti za waimbaji, makofi na vishindo vya miguu. Neno ndilo kiongozi. Mzazi aliyekulia katika ngoma hiyo akiletewa wimbo ambao maneno yake yamefunikwa na besi, atakuwa ameambiwa nini?

Gitaa kavu lilipata heshima yake kwa kulisindikiza neno. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi kule Katanga mwaka 1952, alitumia kidole gumba na cha shahada tu, na nyuzi zikasikika kama watu wawili wanaojibizana. Hapa Kenya, George Mukabi alipiga gitaa lake huku mdundo ukitokana na chupa ya soda iliyogongwa. Muziki wa namna hiyo una nafasi baina ya sauti na sauti. Ukizibwa nafasi hizo, umekufa.

Je, tuviache vyombo vya umeme? La hasha! Fundi Konde, mmoja wa Wakenya wa mwanzo kupiga gitaa la umeme, alituonyesha kwamba nacho ni chombo cha ustaarabu. Lililopo ni kuelewa maumbile ya kila chombo. Gitaa kavu ni sanduku lenye hewa, na hewa hiyo hutikisika kwa urahisi kwenye mitetemo ipatayo 100 kwa sekunde, jirani kabisa na mitetemo 82 ya uzi wake mzito. Sauti ya spika ikiligonga sanduku, sanduku hutetemeka. Kinasa sauti hunasa mtetemo huo na kuurudisha kwenye spika. Ndipo unaposikia ule mvumo wa kuudhi. Kwa hiyo, kuongeza sauti ya gitaa kavu hakuliponyi tatizo, bali hulikuza.

Dawa ni kuanza na aliye dhaifu. Mwalimu na apange kwanza sauti ya mwimbaji na ya gitaa kavu, kisha awaingize wengine mmoja mmoja, na kumsimamisha kila mmoja kabla hajawafunika wale wawili. Spika ziwekwe mbele ya wapigaji, zikielekea kwa wasikilizaji. Sauti nzito za gitaa kavu zipunguzwe, maana kazi hiyo inayo besi. Tundu la sanduku laweza kuzibwa kwa kifuniko cha mpira. Penye uwezo, kinasa mitetemo kiwekwe chini ya daraja la nyuzi, kwani kipaza sauti cha kawaida hunasa na ngoma za jirani. Naye mwenye gitaa la umeme ajifunze kunyamaza mwenzake anapozungumza.

Somo hili la mwisho ndilo kubwa, nalo halihitaji fedha. Bendi ya shule ambamo mwenye nguvu hupunguza sauti ili mnyonge asikike imekwisha kufundisha amani kabla ya kuuimba wimbo wake. Walimu wa muziki, hasa mlio mipakani, shikeni kifungo cha sauti na mkigeuze upande wa chini.